Soko kuu la Budapest: Mwislamu anakula nini pale ghorofani?

Mtoto_wa_Chumbageni
Wakuu salama? Mwezi ujao naenda Budapest, Hungary, kikazi, wiki nzima nipo semina, nafasi yangu ni Jumapili tu kabla ya ndege ya usiku. Nasikia lile soko la kizamani karibu na mto Danube lina sehemu ya vyakula vya asili. Sasa mimi Mwislamu na hawa jamaa nguruwe kwao ni kama nazi kwetu, ipo kila chungu. Nitapata kitu au nibebe tende na visheti vyangu?

Kipanga88
Jumapili umeumia kaka, soko linafungwa. Jumamosi lenyewe mwisho saa 9 alasiri. Chomoka semina siku ya kazi. Jina lake Nagyvásárcsarnok, usijisumbue kulitamka, we shuka metro Fővám tér ukitoka tu unaliona paa lina vigae vya rangi rangi vya kiwanda cha Zsolnay, jengo la 1897 hilo, utadhani stesheni ya treni. Chini mboga na nyama na paprika (pilipili zao nyekundu) kavu zimening'inizwa mashada mashada, juu ndo misosi, pembamba, watu wanakula wamesimama na kusukumana. Piga gulyás. Wengi wanadhani ni rojo zito, hapana, rojo ni pörkölt, gulyás kwao ni supu kabisa, ng'ombe na viazi na paprika, hata neno lenyewe maana yake mchunga ng'ombe. Kula bila wasi.

BintiMakorora
Bila wasi??? Kipanga umeangalia nyama ukasahau sufuria. Kile kitunguu cha mwanzo kwa desturi yao kinakaangwa na mafuta ya nguruwe, halafu huyo ng'ombe nani kamchinja? Kaka kariri maneno matatu, sertés na disznó ni nguruwe, zsír ni mafuta ya mnyama. Mimi nilikula lángos, ni kama andazi bapa la chumvi kubwa kuliko sahani, linapakwa kitunguu saumu, juu tejföl ambayo ni kama mtindi mzito, na jibini ya kukwaruza. Ila uliza kwanza wanakaangia nini, wengi wanatumia mafuta ya mbegu lakini uliza. Na nyongeza kila moja ina bei yake, mi nilinyooshea kidole kila kitu kama mtoto dukani, bili ilivyokuja nikanyamaza kimya.

Kipanga88
Haya dada nimekubali, la mafuta sikuliwaza.

MzeeWaAchari
Mnasahau chini kabisa, ghorofa ya chini ya ardhi! Huko wanauza samaki na achari, matango, kabichi iliyochacha, pilipili zimejazwa kabichi, mitungi wameipanga mpaka inachora sura za watu kwa mboga. Mtu wa Tanga utajisikia nyumbani. Paprika ya kubeba chukua ya mji wa Szeged au Kalocsa, édes haiwashi, csípős inawasha. Mama watoto alichanganya, wali ule hatukuumaliza.

Mtoto_wa_Chumbageni
Dada Binti umeniokoa. Basi Alhamisi mchana natoroka, lángos na achari, gulyás nitainusa tu. Visheti nabeba vilevile.