Nafuta kila kitu kabla ya ubeti wa pili: kuna namna ya kuandika bila kujihukumu?

MwanaChumbageni (Tanga):
Wakuu salaam, na wakubwa shikamooni. Naomba msaada wa kiufundi, maneno ya kutiana moyo nimeshayasikia mengi.

Naandika mashairi na hadithi fupi. Mshororo wa kwanza huja vizuri, wa pili naanza kuhesabu mizani, yaani silabi za mshororo, kwa vidole, wa tatu nasikia kichwani "hili guni, nani atalisoma" (guni ni shairi lililokosea mizani au vina), nafuta vyote. Hadithi nazo hivyo hivyo: aya ya kwanza imesuguliwa mpaka imechakaa, ya pili haipo. Kwenye simu hali ni mbaya kuliko daftarini. Halafu kuandikia Tanga, kwenye ardhi aliyozaliwa Shaaban Robert, kila ninachotunga nakiona takataka.

Je, ile sauti inazimwaje? Kwa shairi la mapokeo, ambalo mizani na vina (silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande vya mishororo) ni sheria, mtu anaachaje kujihukumu? Na nitajuaje kama kilichobaki kina thamani?

---

Mhariri wa Zamu:
Mgosi, sauti hiyo haizimwi. Inapangiwa zamu.

Kutunga na kuhariri ni kazi mbili zinazogombania sehemu ileile ya akili. Ile kumbukumbu ya muda mfupi inayoshikilia sentensi unayotaka kuiandika, ndiyo unayoitumia pia kupima sentensi uliyokwisha kuandika. Ukizifanya kwa pamoja, sentensi mpya inadondoka kabla ya kufika kwenye karatasi, nawe unadhani huna la kusema. La kusema lilikuwepo, limekosa pa kukaa tu.

Zoezi linalotenganisha kazi hizi ni kuandika mfululizo. Mmarekani Peter Elbow alilieneza kuanzia miaka ya 1970: dakika 10, angalau mara tatu kwa wiki, bila kusimama, bila kurudi nyuma kusoma, bila kukata neno. Sheria zake zinaonekana za kitoto na ndiyo maana watu wanazipunguza, kisha wanasema zoezi halifanyi kazi. Basi zingatia haya.

Tumia kalamu ya wino. Penseli inakuja na kifutio, na kifutio ni mwaliko. Tega saa ya simu dakika 10, iweke mbali na macho, data imezimwa. Juu ya ukurasa andika nomino moja ya kitu kinachoshikika: sufuria, tiketi ya basi, kamba ya mkonge. Usiandike "mapenzi" wala "maisha", maneno hayo yanaita semi zilizokwisha kutumika na sauti yako itapata kazi mara moja. Mkono ukikwama, rudia neno la mwisho, "kamba kamba kamba", mpaka lije jingine. Neno likikosekana, chora mstari mfupi uendelee. Likija kwa Kidigo au Kibondei, liache hapo lilipo; tafsiri ni kazi ya mhariri na mhariri hajaingia zamu.

Dakika za mwanzo mara nyingi hutoka malalamiko na porojo, na kitu chenye uhai huchelewa. Ndiyo maana dakika tatu hazitoshi. Tarajia nusu ukurasa hadi ukurasa mmoja. Saa ikilia, funga daftari. Usisome mpaka kesho yake.

Kuhusu simu, tazama vizuri kinachokuhukumu. Kibodi nyingi zimewekwa Kiingereza, kwa hiyo karibu kila neno la Kiswahili linapigiwa mstari mwekundu au linabadilishwa mbele ya macho yako. Unaandika "nimeshakula" na simu inakuambia umekosea. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, ongeza Kiswahili, kisha zima urekebishaji wa maneno na ukaguzi wa tahajia. Punguza na mwanga wa kioo mpaka maandishi yasisomeke. Hutaweza kufuta usichokiona.

Jambo la mwisho kabla sijawapisha wengine. Kunja ukingo wa kulia wa kila ukurasa, kama sentimita nne. Sauti ikisema "hili bovu", iandikie huko maneno yake mawili matatu kisha rudi kwenye mstari. Kesho yake pitia ukingo huo. "Bovu", "nani atasoma", "hujui kitu" hazina anwani, zipite. "Ubeti wa pili unarudia wa kwanza" ina anwani, hiyo ni rai ya mhariri, itunze. Utashangaa zenye anwani zilivyo chache.

---

Fundi Vina (Pangani):
Naingia kwenye swali la mizani maana hapo ndipo watu wanapodanganyana. Wengine watakwambia hamia mashairi huru utapumzika. Huru si pumziko; mtunzi wa shairi huru anaamua mwenyewe kila mshororo uishie wapi, na maamuzi mengi ndiyo chakula cha sauti unayoilalamikia. Arudhi, yaani sheria za utunzi, ukiitumia kwa mpangilio inakupunguzia maamuzi.

Tatizo lako ni wakati wa kuhesabu. Mizani haihesabiwi wakati wa kutunga.

Anza na akiba ya vina. Ukichagua mtiririko, yaani vina vilevile shairi zima, kwa beti tano za mishororo minne, wa nne ukiwa kibwagizo kinachorudiwa, unahitaji maneno 15 ya kina cha kati na 15 ya kina cha mwisho, ukiacha yale ya kibwagizo. Anayeanza achague ukaraguni, vina vibadilike kila ubeti: maneno matatu ya kati, matatu ya mwisho, basi. Andika akiba hiyo kwenye karatasi ya pembeni kabla ya kugusa shairi, maneno manane kwa kila kina ili uwe na ya kutupa. Vitenzi vya kutendea (-ea, -ia) vinapatikana kwa wingi, na -ni ya mahali pia. Lakini -ni ikitawala beti zote shairi linakuwa orodha ya sehemu: pwani, nyumbani, sokoni, njiani. Msikilizaji anachoka ubeti wa tatu.

Pili, tunga kibwagizo kwanza. Ndicho kitakachorudiwa, na ukiwa nacho unajua kila ubeti unaelekea wapi.

Tatu, andika ubeti kwa lugha ya kawaida, sentensi tatu, bila mizani. Kisha uvunje kuwa mishororo ya ukwapi na utao (kipande cha kwanza na cha pili), lengo likiwa mizani nane kila kipande, ukikubali iwe mibovu. Pembeni andika tarakimu tu, usirekebishe. Kwa mfano:

*Mvuvi bado hajarudi, mkewe yuko pwani* (9, 7)

Sauti yako ingefuta hapa. Wewe andika "9, 7" uende mshororo unaofuata. Beti zote zikiisha ndipo unarudi kama fundi anayejua ufa ulipo: ukwapi umezidi mmoja, utao umepungua mmoja.

*Mvuvi hajarejea, mkewe yu ufukweni* (8, 8)

Tazama kilichofanyika. "Bado" imetoka kwa sababu "haja-" imekwisha kuibeba. "Hajarudi" imekuwa "hajarejea" ili kina kije. "Yuko pwani" imekuwa "yu ufukweni". Hakuna neno lililochomekwa. Mshororo wa pili unaweza kuwa *Jahazi alingojea, na taa i mkononi*, nao ni nane kwa nane. Kosa la kawaida la anayerekebisha kwa hofu ni kujaza pengo kwa "na", "kwa", "hasa", "kweli", mpaka shairi linasikika kama mtu mwenye kigugumizi.

Hesabu yenyewe pia hukosewa, watu wakajihukumu bure. *M* inayosimama peke yake ni mizani kamili: mtu (m-tu) ni 2, mpaka (m-pa-ka) ni 3, mkewe (m-ke-we) ni 3. Lakini ngoma ni 2 na mbele ni 2, kwa kuwa *ng* na *mb* hapo zimeungana na irabu inayofuata. Nchi (n-chi) ni 2. Mwalimu ni 3, muungwana ni 4. Gonga meza kwa kila silabi ukisoma kwa sauti, usihesabu kwa macho.

Na kuhusu Shaaban Robert: unalinganisha rasimu ya usiku mmoja na kazi iliyokwisha kupigwa chapa. Hivyo ni vitu viwili visivyo na mizani moja. Linganisha rasimu yako ya tatu na rasimu yako ya kwanza.

---

Binti Kaole (Bagamoyo):
Mwalimu wa Pangani amenena. Mimi nachangia upande wa jukwaa, maana huku Bagamoyo tangu Chuo cha Sanaa kianzishwe mwaka 1981, ambacho sasa ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), watu wengi wanafika kwenye maandishi kupitia mwili na sauti.

Kama daftari linakutisha, usianzie daftarini. Washa kinasa sauti cha simu, simama (usikae), simulia hadithi yako kwa dakika tano ukitembea chumbani, kana kwamba unamwambia bibi ambaye hasikii vizuri. Ukimwambia asiyesikia vizuri unalazimika kutumia maneno mafupi na vitendo, huna nafasi ya mapambo. Kisha sikiliza mara moja na kuandika yale tu uliyoyasema, neno kwa neno, pamoja na "eeh" na "yaani". Hiyo ndiyo rasimu ya kwanza. Mdomo umekwisha kupita pale ambapo kalamu ingesimama.

Zoezi jingine ni la kuelezea bila kusifu wala kulaumu. Nenda soko la samaki, au hapo kwenu soko la Mgandini, uandike sentensi 10 za kinachoonekana, kinachosikika na kinachonuka. Maneno nzuri, mbaya, pendeza, chukiza ni marufuku. "Mama wa dagaa amefunga kanga kiunoni kwa fundo mbili" inaruhusiwa. "Soko lilipendeza" hairuhusiwi. Jicho likiwa kazini kupokea, hukumu inakosa nafasi. Wanaoshindwa zoezi hili wengi hushindwa kwa kuandika wakiwa nyumbani, kwa kukumbuka. Kaa sokoni penyewe.

---

Mhariri wa Zamu:
Dada kanikumbusha: swali la tatu halijajibiwa. Thamani haipimwi siku ya kuandika. Acha rasimu ilale angalau usiku mmoja, hadithi afadhali siku tatu. Usomaji wa kwanza ni kwa sauti, kalamu ikiwa na alama tatu tu: duara palipo na uhai, mstari wa mawimbi ulimi unapojikwaa, alama ya kuuliza penye utata. Kukata ni mwiko kwenye usomaji huo. Ukurasa mzima ukipata duara moja, inatosha. Hamishia hicho kipande ukurasa mpya uanze nacho. Hapo ndipo usemi wa Tanga, waja leo waondoka leo, unafaa kwa sentensi: zilizobaki zilikuja kukuleta kwenye hiyo moja.

Baada ya hapo hariri kwa mpangilio huu: maana, kisha mfuatano wa beti au aya, kisha mizani na vina, tahajia mwisho kabisa. Wengi wanapindua. Wanasafisha tahajia ya aya ambayo kesho itakatwa yote, na kwa kuwa wameisafisha hawana moyo wa kuikata.

---

MwanaChumbageni (Tanga):
Marahaba kwenu wote, aksanteni, hii nanakili daftarini. Limebaki moja. Hofu nyingine si ya ubora, ni ya watu. Hapa Tanga, eneo la Ngamiani, barabara zina namba na watu wana masikio. Ukiandika juu ya ndoa, mtu wa barabara ya tatu anajiona. Mkono unakuwa mzito kabla hata sijaanza.

---

Fundi Vina (Pangani):
Hiyo nayo ni kazi ya rasimu ya pili. Rasimu ya kwanza iandike kwa majina halisi na ugomvi halisi, kwenye daftari lisilotoka ndani, kwa sababu ukianza kuficha mapema utaficha na kile kilichokufanya uandike. Ukija kunakili, badilisha vitu vitatu kwa pamoja: kazi ya mhusika, umri wake kwa miaka kumi au zaidi, na mji. Kubadilisha jina peke yake hakufichi kitu, mtaa unamjua mtu kwa kazi yake na nyumba yake kuliko kwa jina. Kisha tafuta kile kisa kidogo ambacho yeye tu ndiye alikifanya, kama kumwaga chai kwenye kitanda cha wifi, na ukitoe kabisa au umpe mhusika mwingine wa jinsia tofauti.

---

Binti Kaole (Bagamoyo):
Na usimpe mtu rasimu ya kwanza aisome, hata mwandani wako. Ya pili mpe mmoja tu, na umwambie ajibu maswali mawili: "Ulichoka wapi?" na "Nini umekikumbuka bila kurudi kusoma?" Akianza "mimi naona ungeandika hivi", mshukuru na umwondoe kwenye mada.