MC kamkosoa shangazi yangu mbele ya ukumbi mzima Kigoma, tena kamkosoa kimakosa

Wakubwa shikamooni, wengine habari za usiku.

Tangu Jumamosi nina hasira na jambo hili na haziishi. Tulikuwa na harusi ya binti wa kaka yangu hapa Mwanga, Kigoma mjini. Shangazi yetu, mtu wa miaka sabini na ushee, alipanda basi Kasulu alfajiri akaja na kitenge chake kipya cha kumfunga bibi harusi. Zamu ya wazee kutoa nasaha ilipofika, akapewa kipaza sauti. Akaanza vizuri tu: "Huyu bibi yake bwana harusi ni rafiki yangu tangu tunachota maji pamoja..."

MC akamkatiza: "Rafiki WANGU, bibi! Rafiki ni mtu, si meza. Hebu rudia!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Shangazi akarudia kwa sauti ndogo, "rafiki wangu". MC akaomba makofi, eti bibi kafaulu mtihani. Shangazi akarudisha kipaza sauti, akaenda kukaa. Nasaha zenyewe hakuzitoa. Wakati wa kulishana keki nilimkuta kimya, kitenge kiko mapajani, hakijakunjuliwa.

Sasa nisikilizeni. Shangazi HAKUKOSEA. Rafiki, ndugu, jirani, mama, baba, kaka, dada, shangazi, yote haya ni majina ya watu, na kitenzi chake ni cha mtu: rafiki amekuja, rafiki mzuri, rafiki huyu. Lakini ukifika kwenye "-angu", "-ako", "-ake", yanachukua "yangu" na "zangu". Rafiki yangu amekuja. Ndugu zangu wamefika. Ndiyo Kiswahili kilivyo. Huyo MC nyumbani kwao anasema "mama wangu"? Anasema "baba wangu"? Usiku ule ule alituita "ndugu zangu waalikwa" zaidi ya mara kumi, nilikuwa namsikia! Kama anaamini sheria yake, kwa nini hakusema "ndugu wangu waalikwa"?

Naomba nieleweke, maana kuna watu wataniambia sina utani. Mimi ni mtu wa shughuli. Kwenye harusi za ukoo wetu wananiweka meza ya katikati makusudi ili watu wasisinzie. Na ugomvi wa sarufi ndio mchezo wetu mimi na shemeji yangu, mume wa dada, mtu wa Ujiji. Yeye hujisifu kwamba Kiswahili kwao kililetwa na misafara ya pembe za ndovu, reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 ikawakuta tayari wanakitema, kwa hiyo sisi watu wa mlimani twende tukajifunze kwake. Sahani ya migebuka ya mawese ikishushwa mezani nami nikisema "migebuka imeisha", anaruka: "WAMEISHA, shemeji!" Namwambia samaki kakaangwa tangu saa nne, kalala kwenye mafuta na pilipili, uhai wa kuitwa "wameisha" ameutoa wapi? Anajibu: mbona unasema "kuku wa kukaanga", husemi "kuku ya kukaanga"? Hapo nabanwa, maana ni kweli, mnyama akichinjwa hata akipikwa sarufi haimnyang'anyi uhai wake. Basi nahamia kwenye "masaa" yake, maana yeye husema masaa mawili badala ya saa mbili, na meza nzima inagawanyika. Watoto wanasimama kusikiliza. Miaka kumi na miwili tunabishana hivyo na hakuna aliyewahi kurudi nyumbani ameinama.

Ule ni utani kwa sababu shemeji akinirukia, nami namrukia. Tunakaa meza moja, tunakula sahani moja. Shangazi angemjibu nani? Kipaza sauti ni cha MC, muziki ni wa MC, na yeye ni mgeni aliyesimama na miguu inayomuuma mbele ya watu asiowajua. MC hata jina la mama yule halijui. Halafu anamwambia "rudia" kama mtoto wa darasa la kwanza!

Nilimfuata nje wakati vijana wanapanga viti. Akaniambia, "Kaka, kazi yangu ni kuchangamsha ukumbi, na Kiswahili sanifu kinataka wangu." Sanifu ipi? Msingi wa Kiswahili sanifu ni Kiunguja, ndicho kilichochaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Aende Unguja akamwambie mtu "rafiki wangu" aone atakavyotazamwa. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, lipo tangu 1967, kamusi zipo, walimu wapo, angeuliza kabla ya kumfundisha mzee. Na mwenyekiti wa kamati, badala ya kumkemea, ananivuta mkono: "Yaache, watu wamecheka, shughuli imenoga." Imenoga kwa nani?

Shemeji naye tangu tukio lile hakutia neno mezani. Migebuka ililetwa, nikasema kwa makusudi "imeisha" ili anirukie. Akanitazama tu, akaendelea kula.

Jumapili shangazi kanipigia simu akiwa ameshafika Kasulu. Baada ya salamu akaniuliza polepole: "Baba, lile la rafiki, nilitakiwa nisemeje?" Nimemweleza mara tatu kwamba alisema sawa. Anaitikia "haya baba", lakini najua haniamini, anadhani namfariji.

Kwa hiyo MC, kama uko humu, na najua uko humu: umpigie simu. Namba nitakupa mimi mwenyewe. Umwambie kwa mdomo wako kwamba "rafiki yangu" ni sahihi na wewe ndiye uliyekosea. Na wanakamati wa harusi ya Desemba, mchango wangu niliowaahidi sitoi mpaka niambiwe MC ni nani.