Bibi anajuaje dumu limejaa bila kuliona?

Mjukuu wa Dodoma
Habari zenu wakuu. Bibi yangu haoni, miaka mingi sasa, lakini bombani hapa nyumbani hakuna anayemshinda. Anatega dumu la lita 20, anafungulia maji, anaendelea na maongezi na jirani. Ghafla anakatisha neno, mkono unakwenda kwenye koki, anafunga. Maji yamefika shingoni, hata tone halijamwagika. Mimi mwenye macho namwaga kila siku. Nikamuuliza, akaniambia, "Sikiliza, mjukuu wangu, linalia." Na kweli, mwanzoni sauti ni nene, mwishoni nyembamba kama filimbi. Sasa maji ni yaleyale, bomba ni lilelile, kinachobadilika ni nini? La pili: dumu tupu lililofungwa hupiga "bup!" lenyewe usiku. Wadogo zangu wanaogopa.

Mwalimu wa Fizikia
Bibi mfikishie shikamoo yangu. Kinacholia humo ni hewa. Maji yakianguka yanaitikisa, nayo inacheza ikiingia na kutoka mdomoni, kama unapopuliza chupa ya soda. Ikiwa nyingi hucheza polepole, sauti nene. Ikipungua hucheza haraka. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliieleza hali hii karne ya 19. Hesabu yake ndiyo siri ya bibi: hewa ikibaki robo, mitetemo kwa sekunde huwa mara mbili. Kutoka lita 20 za hewa hadi 5, unasubiri lita 15 za maji ziingie. Kutoka 5 hadi lita moja na robo, hata lita 4 hazifiki! Ndiyo maana mwishoni sauti inapanda mbio, na sikio lililozoea halikosei.

Fundi Bomba
Hilo la usiku, mtoe hofu mdogo wako. Mfuniko ulikazwa mchana, hewa ya ndani ikiwa ya moto. Baridi ikiingia, hewa hiyo inasinyaa, ya nje inasukuma ubavu wa dumu. Plastiki inavumilia wee, kisha inabonyea kwa mara moja. Asubuhi pitisha kiganja ubavuni, utakuta bonde. Legeza mfuniko kabla hamjalala.

Mjukuu wa Dodoma
Asanteni sana. Bonde nimelikuta. Leo nimejaza nikiwa nimefumba macho, nimefunga mapema, pungufu vidole vinne. Bibi kaligonga dumu kwa kucha, akasema, "Bado."