Tupeane uzoefu: Maonyesho ya sayansi ya wanafunzi yalikufaa nini? (Mwanza na Kanda ya Ziwa)

Mpima Maji

Mwangaluka wanajamvi. Kila mwaka msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ukikaribia, mkoa mzima unajua nani anakwenda kutuwakilisha. Basi linatafutwa, jezi zinapatikana, viongozi wanakuja kuaga timu. Lakini wale watoto wawili wanaoondoka na bango lao kwenda kuonyesha kazi ya sayansi, hata wanafunzi wenzao hawajui wamekwenda wapi. Naomba waliopita huko, walimu na wazazi, mtueleze mlichokiona. Naanza mimi.

Tulikuwa kidato cha tatu. Mvua zikinyesha, maji ya ziwa pale tulipokuwa tunateka yalikuwa kama chai ya maziwa. Bibi yake mwenzangu alizoea kutwanga mbegu za mlonge na kuzikoroga kwenye ndoo, tope linatuama chini. Tukaamua kulipima jambo hilo: chupa zinazofanana, maji yaleyale, kiasi tofauti cha unga wa mlonge. Mwalimu wa kemia ndiye aliyetusaidia kuelewa kinachotokea ndani. Mbegu zile zina protini zenye chaji chanya na chembe za tope zina chaji hasi, kwa hiyo zinashikana, zinakuwa nzito, zinazama.

Siku ya maonyesho alikuja jaji mmoja, mama wa makamo. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mmejuaje kama ni mlonge? Tope likiachwa si linatuama lenyewe?" Mwenzangu akamsogezea chupa tuliyoiacha bila kuweka kitu, iliyojazwa saa ileile na zile nyingine. Bado ilikuwa na tope. Akauliza tena, "Na vijidudu?" Tukamjibu kuwa mlonge umeondoa tope, ila maji ya kunywa lazima yachemshwe. Ndipo akatuambia kwamba hiyo ndiyo kazi yake, kupima maji, na analipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Kwetu sisi sayansi ilikuwa na kazi mbili tu, udaktari na uinjinia. Hatukuwahi kusikia kwamba kuna mtu ameajiriwa kupima maji. Baada ya kidato cha sita nikaomba Chuo cha Maji, Dar es Salaam, na sasa niko maabara. Ndiyo maana nasema faida ya maonyesho haiko kwenye kombe. Mtoto anasimama mbele ya mtu mzima asiyemjua, anaulizwa swali ambalo jibu lake haliko kwenye madaftari ya shule, naye anajibu kwa kitu alichokipima mwenyewe.

Karibuni.

Mama wa Mwaloni

Asante mwanangu kwa uzi huu. Mimi sayansi sikuisoma, nauza dagaa Kirumba. Binti yangu alikuwa kidato cha pili walipoambiwa waje na tatizo la nyumbani kwao. Akaniuliza kwa nini dagaa wa msimu wa mvua nawauza kwa bei ya kutupa. Nikamwambia hawakauki, wanaoza, na wakianikwa chini wanabeba mchanga. Dagaa wa mchanga mnunuzi wake ni mtu wa chakula cha kuku.

Mwalimu wao akawasaidia kutengeneza kichanja cha miti na wavu, wakaanika sehemu moja juu na nyingine chini mchangani, uzito uleule. Wanapima asubuhi, mchana, jioni, wanaandika. Wa kichanjani walikauka mapema, maana upepo unapita juu na chini, na hawakuwa na mchanga. Wapo watu mwaloni wanaojua kichanja miaka mingi, sisemi mwanangu ndiye aliyekigundua. Ila alinionyesha kwa namba ni saa ngapi ninazookoa, na hiyo ndiyo iliyonifanya nitoe hela ya miti na nyavu.

Niseme pia nilivyokuwa na hofu. Mtihani ulikuwa karibu, na jirani akaniambia mtoto anachezea dagaa wakati wenzake wako tuisheni. Nilimwacha aendelee kwa sababu nilimwona anasoma usiku bila kusukumwa, anatafuta kwenye kitabu cha baiolojia kwa nini kitu kikikauka hakiozi. Leo yuko chuo kikuu cha kilimo, SUA, Morogoro, anasoma sayansi ya chakula. Akija likizo ananikagulia daftari la mauzo.

Nyakato Juu

Mama umenigusa sana. Naomba wazazi wengine wasome hapa.

Ngosha wa Igoma

Wakuu, naunga mkono ila tusiwapambe watoto kupita kiasi. Nilishiriki na sikushinda. Kombe halimpi mtu ajira, na hata aliyeshinda anarudi kufanya mtihani uleule wa NECTA.

Mradi wetu ulikuwa taa ya sola ya kuvulia dagaa badala ya karabai. Baba mdogo alikuwa na mtumbwi, na mafuta ya taa yalikuwa yanammaliza. Tukaunganisha betri na taa za LED, tukawa tunapima volti kwa mita kila saa mpaka taa zinapofifia. Wavuvi wa dagaa wanatoka siku za giza, mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika, kwa hiyo hata majaribio yetu yalifuata mwezi. Shule inataka ripoti Ijumaa, mwezi umejaa, hakuna cha kupima. Tukaandika hivyohivyo kwenye daftari la mradi, tarehe na sababu.

Kuna timu ilikuja na mashine nzuri iliyotengenezwa na fundi wa mtaani. Jaji alipowaomba waeleze waya mmoja unakwenda wapi, wakatazamana. Mradi wa kununua haumfundishi mtoto chochote, na walimu wanaoruhusu hilo wanawaumiza wanafunzi wao.

Kilichonifaa mimi ni lile daftari. Nilipomaliza chuo cha ufundi VETA nikaenda kuomba kazi kwenye kampuni ya sola. Waombaji wote tulikuwa na vyeti vinavyofanana. Nikaulizwa, "Betri ikikuishia mapema unaanza kuangalia nini?" Nikaeleza nilichokiona mtumbwini, kwa namba. Nilichukuliwa.

Mwalimu wa Ng'ambo (Sengerema)

Ngosha amesema kweli kuhusu miradi ya kununua. Mimi ni mwalimu wa fizikia, niongeze upande wa darasani.

Kila mwaka nawasimulia wanafunzi wangu habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wakitengeneza aiskrimu, maziwa yake aliyoyaingiza kwenye friza yakiwa bado moto yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alipouliza, mwalimu alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu, na darasa likaichukua kama kichekesho. Hakuacha. Hapohapo Mkwawa alimuuliza Profesa Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Wenzake wakacheka tena. Osborne yeye alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Mpaka leo wanasayansi wanabishana juu ya sababu zake, na wengine kama kweli jambo hilo hutokea kila mara, lakini wanalijadili kwa jina la kijana wa Kitanzania.

Maonyesho ni mahali ambapo swali la namna hiyo halichekwi. Yale ya Young Scientists Tanzania yalifanyika Dar mara ya kwanza 2012, kwa mfano wa maonyesho ya Ireland yaliyoanza 1965. Huko Ireland mshindi wa 2005 alikuwa Patrick Collison, kijana wa miaka 16 aliyebuni lugha ya kuandikia programu. Baadaye yeye na mdogo wake wakaanzisha Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni. Hapa kwetu tuna pia MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019, nayo yana kundi la shule za sekondari.

Tatizo letu ni umbali. Kutoka Mwanza hadi Dar kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Nauli, malazi, mwalimu wa kusindikiza: shule ya kata inapeleka wanafunzi wawili au haipeleki kabisa. Ningependa kila wilaya ya huku iwe na siku yake, hata kwenye uwanja wa shule. Majaji tunao palepale: TAFIRI ya utafiti wa uvuvi, NIMR ya utafiti wa magonjwa, hospitali ya Bugando, chuo cha uvuvi Nyegezi, VETA Nyakato. Mtoto asiyefika Dar naye anastahili kuulizwa maswali na mtaalamu.

Muuguzi wa Kisiwani

Habari zenu. Nimezaliwa Ukerewe, kichocho kwetu kila familia inakijua. Klabu yetu ilichagua kuchunguza watu wanaingia ziwani saa ngapi. Mwalimu alitukataza kabisa kugusa maji bila buti na glavu, na nawasihi walimu wote wafanye hivyo. Tulikaa ufukweni na karatasi, tunaandika nani kaja, kufua, kuteka, kuoga au kucheza, na saa.

Wamama walikuja zaidi asubuhi na jioni. Watoto walijaa mchana jua likiwa kali. Tukaja kusoma kwamba vimelea vya kichocho cha tumbo hutoka kwa konokono kwa kufuata mwanga, na wingi wake hufikia kilele karibu na mchana. Yaani watoto wetu wanaogelea saa mbaya kuliko zote. Nilipoziona zile safu mbili, saa za watoto na saa za vimelea, zinalingana nilihisi mwili unasisimka.

Tulipeleka matokeo kwenye mkutano wa kijiji kabla ya kuyapeleka kwenye maonyesho. Mzee mmoja akauliza, "Sasa mtoto akaoge wapi?" Hatukuwa na jibu, na lile swali ndilo lililonipeleka uuguzi. Dawa ya prazikwanteli inatibu, lakini mtoto akirudi majini anaambukizwa upya.

Jambo la mwisho. Mwenzangu alikwama kwenye Kiingereza mbele ya majaji, machozi yakamlenga. Jaji akamwambia, "Nieleze kwa Kiswahili, nataka kujua ulichokiona." Alieleza vizuri kuliko sisi sote. Wanaoandaa maonyesho, tafadhali liwekeni hilo liwe utaratibu, lisitegemee huruma ya jaji.

Form Three Buhongwa

Shikamooni. Sisi tupo wanne, mwalimu wetu wa sayansi ni mmoja na maabara haina vifaa. Tunataka kufanya kuhusu kuni za kubanikia samaki, mama zetu wanalalamika moshi na gharama. Tuanzie wapi?

Mpima Maji

Marahaba wadogo zangu. Msianze na jiko jipya. Anzeni na jiko ambalo mama anatumia sasa. Tafuteni mzani, hata wa dukani, mpime kuni kabla na baada, na samaki wabichi na waliokwisha kubanikwa. Rudieni mara kadhaa, maana kuni mbichi na kavu haziwaki sawa. Andikeni kila kitu kwenye daftari moja lenye tarehe, hata siku iliyoharibika. Mkishajua kilo moja ya samaki inakula kuni kiasi gani, badilisheni kitu kimoja tu, kwa mfano ukubwa wa mdomo wa jiko, mpime upya.

Mwalimu wenu mmoja anatosha kuwasimamia. Mwombeni aandike barua kwa chuo cha uvuvi Nyegezi, wale wanafundisha usindikaji wa samaki. Na mimi Jumamosi huwa nina nafasi. Mwalimu akinitumia ujumbe humu nitakuja shuleni na mzani wa maabara tulinganishe na wenu.

Muuguzi, Mwalimu, Ngosha: nani mwingine yuko tayari kuwa jaji wilaya za Nyamagana na Ilemela? Andikeni hapa eneo mlipo na fani yenu, tuwapelekee walimu orodha kabla shule hazijafunga.