Sampuli mlichukua bure kwa wakulima, majibu mnatuuzia!

Wakuu, leo nimekuja na hasira. Mimi ni bwana shamba. Miaka 3 iliyopita chuo kimoja cha kilimo kilileta watafiti wa sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kwenye mahindi na mimi ndo niliwatembeza, ghala kwa ghala, wakulima wanafungua magunia yao wanachotewa mahindi kwenye vifuko vya karatasi, kila kifuko kinaandikwa namba kwa maka. Mama mmoja akauliza, "Mwanangu, majibu lini?" Akaambiwa yatarudi.

Hayajarudi mpaka leo. Juzi nimeyakuta mtandaoni kwenye jarida moja, muhtasari mistari kumi halafu chini yake kitufe, lipia karibu dola 40 usome. Makala moja! Na muhtasari wenyewe unasema eti njia za kukausha na kuhifadhi zilileta tofauti kubwa, ipi ilikuwa afadhali hausemi. Jamani sumukuvu si kitu cha kubahatisha, mahindi unaweza kuyaona meupe safi kumbe yana sumu, na kuyapika hakuiondoi. Sasa yule mama nimwambie nini?

Nikasema basi niangalie hazina ya kidijitali ya chuo chenyewe, kule mtandaoni wanakoweka kazi za watafiti wao. Tasnifu ya utafiti ule ipo, jina lipo, ukibonyeza faili unaambiwa ingia kwa akaunti ya chuo. Nikafunga safari mpaka maktaba, naambiwa soma hapa hapa, hakuna kupiga picha, hakuna kutoa kopi. Nimekaa nanakili majedwali kwa mkono kwenye daftari, namba moja moja, mpaka wanazima taa nimefika jedwali la pili.

Na msiniambie jarida ndo limebana. Majarida mengi tu yanamruhusu mwandishi kuweka kwenye hazina ya chuo chake ile nakala iliyokubaliwa baada ya kupitiwa na wataalamu, kabla jarida halijaipanga kurasa zake, mengine papo hapo, mengine baada ya miezi 6 au 12 au hata 24. Haina ada! Zile dola maelfu mnazolalamikia ni za kufungua makala kwenye jarida lenyewe ili kila mtu aisome bure, hii nyingine ni kupakia faili tu, na imesemwa wazi tangu Tamko la Budapest la 2002, lile la kutaka tafiti zisomwe bure mtandaoni, zaidi ya miaka 20 sasa. Halafu tasnifu ina jarida gani? Hiyo mmeifunga nyie wenyewe. Kama mnaogopa majina ya wakulima yafuteni, wekeni namba, si mlishaziandika kwenye vifuko?

Kuna mtu aliniambia nitumie AGORA ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, inayofungulia nchi zenye kipato kidogo majarida ya kilimo. Ni mpango mzuri, upo tangu 2003, ila unapitia taasisi iliyojisajili kwenye nchi zinazostahili, mimi na simu yangu peke yangu siingii. Na kwa nini nizunguke huko kote kutafuta majibu ya magunia niliyoyashika kwa mikono yangu?

Mtafiti nimemwandikia barua pepe mara mbili, kimya.

Kama upo ndani ya chuo cha kilimo, maktaba au kurugenzi ya utafiti, naomba unijibu hapa, nani anaamua faili lifungwe, na sisi tuliotoa sampuli tumwandikie nani alifungue?