Fundi wa epoksi kanifukia jointi, sasa ananiambia zege langu ndilo bovu!

Wakuu, naandika na hasira, mnivumilie.

Nina kiwanda kidogo cha kubangua korosho hapa Mtwara, njia ya Naliendele. Jamvi, yaani sakafu ya zege, ni mita 12 kwa 8, unene milimita 150. Fundi zege wangu, mzee wa hapahapa, alilikata kwa mashine kesho yake tu baada ya kumwaga: mistari miwili ya kukatisha, mmoja wa urefu, kina karibu sentimita 4. Hizo ndizo jointi. Nikamuuliza mbona anaharibu sakafu mpya. Akanijibu, "Mama, zege likinywea lazima lipasuke. Mimi nalichagulia pa kupasukia." Nikamwelewa palepale, na sikusomea ujenzi.

Sasa huyu wa epoksi, ile rangi nzito ya sakafu inayoganda ngumu, kaja kutoka Dar na buti safi na picha za sakafu zinazong'aa kwenye simu, akaiona ile mikato kama kidonda cha kuziba. Kachanganya epoksi na mchanga laini, kakandika mpaka ikajaa pomoni, kapiga msasa, kamwaga rangi juu. Hata kuzunguka nguzo, palipowekwa sponji makusudi ili sakafu isishikane na nguzo, kang'oa sponji kafukia. "Mama, utapata kioo kitupu, hutaona jointi hata moja." Na kweli kioo nilikipata. Nikapiga picha nikamrushia shemeji yangu wa Masasi, nikatamba. Aibu yangu hiyo.

Kioo kimedumu mpaka msimu ulipochanganya. Leo ukitaka ramani ya mikato ya yule mzee, tazama nyufa: mbili za kukatisha, moja ya urefu, zimenyooka kama zimepigwa uzi. Kandokando epoksi imeinuka kama magamba ya samaki. Toroli la magunia likipita linabandua kipande, na nikikigeuza nakuta zege limeganda chini yake. Maana yake ilishika, tena ilishika barabara. Tatizo imeshika pande zote mbili za kitu kinachosogea!

Nimempigia simu. "Mama, rangi yangu haina shida, zege lako limepasuka." We! Zege gani linapasuka kwa rula?

Tupige hesabu. Zege hutanuka kama sehemu 10 kwa milioni kwa kila nyuzi 1 ya joto. Mita 12, joto lipande au lishuke nyuzi 10, hiyo milimita 1.2. Mlango wangu unashinda wazi na jua la Novemba linapiga hadi katikati. Epoksi ngumu itavutikia wapi? Inakatika tu. Ile ya kukandika ni ya ufa uliokufa, usiocheza tena. Jointi inayocheza unamwaga epoksi, ikikauka unaikata upya kwenye mstari uleule, unafyonza vumbi, unajaza poliyurethani inayovutika kama mpira. Kwenye nguzo unatanguliza sponji chini, ili ule mpira ushike kuta mbili tu, usishike kitako. Mstari utaonekana, ndiyo. Si uonekane! Mimi nabangua korosho, sifungi ukumbi wa harusi.

Kichekesho ni kwamba mafuta ya maganda ya korosho hutumika kutengenezea baadhi ya hadina za epoksi, yaani dawa ya kuigandisha. Huenda korosho zetu wenyewe ndizo zilizogandisha upuuzi huu. Na sasa mafuta hayohayo yanatiririkia kwenye nyufa, yanaacha weusi usiotoka kwa fagio wala sabuni, sisimizi wameshahamia. Mkaguzi akija nimwambie nini, kwamba ni kioo?

Jumamosi yule mzee anakuja na mashine yake kukata upya. Balansi ya huyu wa Dar, laki nane, ndiyo itakayomlipa.