Ukuta wa chumba cha chini unavuja masika, nipige lipu ya dawa?

Wakuu, nyumba iko kwenye mteremko, chumba cha chini kimefukiwa pande tatu. Mvua ikinyesha, ukuta wa nyuma unalowa na rangi inabanduka. Fundi anataka kupiga lipu yenye dawa ya kuzuia maji. Itasaidia?

— Mkuu, okoa hela yako. Maji yanasukuma kutoka nyuma, lipu ya ndani mara nyingi huachia. Anza na gata: zimwage maji angalau mita 2 kutoka ukutani, na udongo uinamie mbali na ukuta, ushuke sm 15 ndani ya mita 3 za kwanza.

— Yakiendelea, fukua nje kipande kwa kipande, bila kupita kitako cha msingi. Piga lipu 1:3 (saruji moja, mchanga tatu), ikauke, kisha lami ya maji mikono miwili. Chini laza PVC ya inchi 4 yenye matundu yakitazama chini, mteremko sm 1 kila mita, itokee bondeni. Lizungushie bomba kokoto safi, zifungwe kwa kitambaa cha kuchujia. Mafundi wengi hukiruka, tope linaziba bomba.

— Na ule unga mweupe ukutani?

— Chumvi hiyo. Brashi kavu tu. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani ya lipu.